Korosho za Shukrani

Marsela alikuwa na mtindo wake wa kusali, na Wakristo wote wa Kibiti walikuwa wanaujua, maana hawakuwa wengi. Wenzake walimwachia Mungu nafasi ya kufikiri. Yeye hakumwachia. Alimweleza kitu anachokitaka, ukubwa wake, na siku ya mwisho ya kukileta. Akiomba bati, aliomba bati geji thelathini, futi kumi, jipya, lisiwe la kung'olewa kwenye nyumba ya mtu. Mumewe Wenceslaus alimsikiliza huku ameinamia rozari yake, akawa anasema moyoni kwamba mke huyu angefaa kuwa ofisa ugavi. Lakini hakuthubutu kumcheka, kwa sababu mwaka ule pale nyumbani hakuna mwingine aliyekuwa na mpango wowote.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa sabuni na khanga, na mashirika ya umma yaliyokuwa yamejaa watu yakaanza kuwatoa. Wenceslaus alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la mazao. Alitoka kwao Mbinga kijana mbichi, akahamishwa huku, akahamishwa kule, mpaka akafika Kibiti, na Kibiti ndipo alipoambiwa kazi basi, ahsante sana, kiinua mgongo hiki hapa. Wenzake walifunga mizigo wakarudi makwao. Yeye akasema harudi Mbinga kwenda kusimangwa na ndugu. Akachukua kile kiinua mgongo chote akanunua nyumba.

Nyumba yenyewe, jamani. Ilikuwa ya miti na udongo, lakini mwenyewe alikuwa ameipiga saruji usoni na kuipaka chokaa, ukiitazama kutoka barabarani unasema hapa anakaa mtu na heshima zake. Muuzaji aliitwa Mwinyimvua, kijana aliyerithi kwa baba yake na aliyekuwa na haraka ya kwenda Dar es Salaam kuuza mitumba. Wenceslaus aliitazama kwa mbele, akaridhika. Marsela aliitazama kwa nyuma, akakuta uani kumefagiliwa na mikorosho mikubwa imesimama imetulia na vivuli vyake, akaridhika zaidi. Hakuna aliyegonga kuta. Mtu anayenunua mbuzi humshika mbavu, lakini hawa walinunua nyumba kwa macho tu.

Masika ya kwanza ikawaonyesha walichonunua. Chokaa ilitiririka yote, na saruji ikabanduka vipande vipande, na nyuma yake wakaonekana mchwa wakiendelea na kazi zao, wala hawakushtuka. Chumba cha nyuma, chenye mlango wake wa kutokea uani, ndicho kilichokuwa taabani. Kiambaza chake kililala upande, na bati lake lilikuwa kutu tupu. Ikabidi wahamie wote vyumba viwili vya mbele, baba, mama na watoto watatu, na kile cha nyuma wakawaachia mbuzi wa jirani.

Na kile chumba ndicho kilichokuwa riziki yao. Wenceslaus alijaribu genge, likafa. Marsela alikuwa akikaanga maandazi na kuyauza stendi, lakini maandazi ya kila mama pale stendi yalikuwa yale yale, na abiria hawaongezeki kwa sababu wewe una shida. Basi alikuwepo bwana mmoja, Bwana Ebenezer, mtu wa Moshi aliyeletwa na mradi wa barabara, mwenye mshahara na pikipiki, ambaye alisema atakipanga kile chumba hata kwa miaka miwili mradi kisivuje. Kodi yake ingewalisha na kuwasomesha watoto. Chumba kikisimama, wanabaki. Kisiposimama, watauza nyumba kwa bei ya kuni na kupanda gari la kwenda Mbinga, kwenye yale masimango.

Ndiyo maana Marsela alisali vile. Alisali asubuhi kabla ya kuwasha moto, alisali akiwa njiani kwenda stendi, na alisali kwenye sala za jumuiya za kila Alhamisi mpaka Consolatha, nesi wa zahanati na mwenyekiti wao, akawa anakohoa kumkumbusha kwamba na wengine wana shida zao.

Sasa sikiliza jinsi majibu yalivyokuja. Mwezi wa kumi ulipofika, ile mikorosho ya uani ilianza kuangusha. Iliangusha kwa namna ambayo hata wenyeji walisema mwaka huu imekubali. Na mwaka huo huo serikali ilikuwa imewaruhusu wanunuzi binafsi, na malori yao yakawa yanaingia Kibiti na mizani, wakigombania korosho ambazo zamani shirika lilizichukua kwa karatasi na kuzilipa likijisikia. Marsela alitoka uani asubuhi moja, akaona mabibo mekundu yametapakaa chini na korosho zake mikiani, akapiga magoti pale pale kwenye majani makavu. Aliomba bati, na bati lilikuwa linadondoka kutoka juu mtini.

Aliokota miezi miwili. Aliokota mchana kweupe, akiimba nyimbo za Bikira Maria kwa sauti, na majirani waliopita walimpa pole ya kazi na kuendelea na safari zao. Tatu, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimwazima hata mkeka wa kuanikia. Wenceslaus ndiye aliyezichambua, maana hapo alikuwa kwenye fani yake, daraja la kwanza huku, daraja la pili kule. Miaka yote aliyofanya kazi alizijua korosho zikiwa ndani ya magunia. Zilikotoka kabla ya kuingia kwenye gunia, na zilikuwa za nani, hayo kule stoo hayakumhusu.

Mnunuzi mmoja aitwaye Haruni akazipima na kulipa papo hapo. Wakanunua bati. Geji ilikuwa ile ile na futi zile zile. Fundi akaezeka chumba cha nyuma, akanyoosha nguzo, akabakisha kiambaza tu cha kukandikwa upya. Na Alhamisi iliyofuata, kwa Consolatha, Marsela akasimama kutoa ushuhuda. Alieleza tangu mwanzo hadi mwisho, machozi yakimtoka, kisha akatoa sinia la korosho za kukaanga, za shukrani, likazungushwa. Mwalimu alikula, koplo wa polisi alikula, Consolatha alichota mara mbili. Wote waliimba, na yule mwenyekiti aliyekuwa akikohoa akakiri kwamba kumbe kumtajia Mungu vipimo kunasaidia.

Wiki haikupita. Marsela alikuwa anafua pale uani aliposikia hodi. Akaingia mama mmoja mtu mzima, amejifunga kaniki, na mkononi ana pakacha mbili tupu. Marsela akampa shikamoo, mama akaitikia marahaba, akaulizia watoto, akaulizia maandazi, akampa pole ya kiambaza. Alijitambulisha kuwa ni Mwamvua, shangazi yake Mwinyimvua aliyewauzia nyumba, na kwamba tangu mwezi wa tisa alikuwa Mahege kumwangalia bintiye Sihaba aliyekuwa anajifungua, ndipo amerudi. Kisha akapita moja kwa moja hadi chini ya mikorosho, akaitazama ardhi iliyofagiliwa, akageuka na uso wa furaha.

"Ahsante sana kwa kuniokotea, mwanangu," alisema. "Mmeziweka wapi?"

Marsela alitabasamu kwanza, kwa heshima, kama mtu anavyotabasamu mzee akichanganya mambo. Akamweleza taratibu kwamba nyumba walishainunua, na kiwanja, na karatasi wanayo. Bi Mwamvua akakubali yote. Ndiyo, nyumba ni yenu, alisema, na ardhi iliyo chini ya miguu yenu ni yenu, nani kawanyang'anya? Lakini mikorosho hii aliipanda yeye kwa mkono wake, alipoachika kwa mume wa kwanza akarudi kukaa kwa kaka yake. Kaka mtu alikuwa na kiwanja, dada mtu akawa na miti, na kila mwaka aliingia, akaokota, akatoka, wala hawakugombana.

"Mwinyimvua aliuza nyumba ya baba yake," alisema. "Angeuzaje miti ya shangazi yake?"

Marsela akakimbilia kwa Tatu, mikono imejaa povu. Tatu akamshangaa. Kwani hukujua? Hivyo ndivyo ilivyo huku kwetu, shamba la mtu mmoja, minazi ya mwingine, na mwembe wa watu wa tatu, na wote wanaishi. Ukiuziwa kitu hutajwa, na kisichotajwa kina mwenyewe. Wao majirani walipomwona anaokota walijua amepatana na Bi Mwamvua, pengine nusu kwa nusu, kwa sababu nani ataingia chini ya mti wa mtu mchana kweupe, anaokota, na anaimba?

Aliporudi, Bi Mwamvua alikuwa bado amesimama na pakacha zake. Marsela akamwambia ukweli wote kwa pumzi moja, kwamba zimeuzwa, na fedha ndiyo ile iliyo juu ya paa inang'aa. Yule mama alilitazama paa muda mrefu. Furaha ikamtoka usoni polepole. Hakutukana, wala hakupandisha sauti. Alizitia zile pakacha moja ndani ya nyingine, akasema atakwenda kufikiri, akaondoka bila kuaga, na kwa mtu wa huku kuondoka bila kuaga ni jambo zito.

Wenceslaus alipoambiwa, alitafuta kwanza karatasi ya mauzo, akaisoma mara tatu, akatafuta neno miti, hakulikuta, ikawa haimsaidii wala haimdhuru. Akasema wangeweza kwenda mahakama ya mwanzo. Halafu akaona haya kwa alichokisema, akashauri kingine: Bwana Ebenezer anahamia mwisho wa mwezi, kodi yake itakuwa inamegwa, anapelekewa yule mama kidogo kidogo mpaka deni liishe. Lilikuwa wazo la mtu mwungwana, wala halikuwa na ubaya.

Lakini Marsela hakumsikia vizuri, kwa sababu alikuwa na ugomvi mkubwa zaidi. Alikuwa amekasirikiana na Mungu. Alikaa jikoni akamwambia bila kupiga magoti, tena kwa ukali: mimi nilikuomba bati, sikukuomba uniingize kwenye wizi. Kama hukuwa na bati ungesema huna. Nimekuimbia miezi miwili chini ya miti ya mwanamke wa watu, nawe ulikuwa unasikiliza tu? Alilia kwa hasira na kwa aibu, na aibu ndiyo ilikuwa kubwa. Siku mbili hakusali. Wenceslaus akalazimika kuongoza sala ya jioni mwenyewe, akawa anaruka mafungu, na watoto wakawa wanamsahihisha.

Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi. Marsela alifunga kilemba akaenda jumuiya, na wimbo wa kwanza ulipokwisha alisimama akasema amekuja kurudisha ushuhuda.

Hapo watu walitazamana. Ushuhuda huwa unatolewa, haijapata kusikika umerudishwa. Katekista alifungua kitabu chake akakifunga, hamna sala yake humo. Marsela akaeleza. Alisema zile korosho hazikuwa jibu la Mungu, zilikuwa mali ya mama mmoja aliyekuwa safarini, na yeye aliziokota, akaziuza, na nyingine akazikaanga. Alipofika kwenye kukaanga, kila mtu mle ndani akaanza kuhesabu alichota mara ngapi. Consolatha alishika kinywa. Koplo akasema kwa sauti ya kazini kwamba kisheria wote waliomo humu wamepokea mali ya wizi, na yeye mwenyewe akiwemo. Mwalimu akaanza kucheka, wakacheka wote, mpaka Marsela mwenyewe akajikuta anatoa kicheko na kamasi kwa pamoja. Wote waliokuwa mle walikuwa watu wa bara, kila mmoja ana kiwanja chake alichonunua au anachotamani kununua, na hakuna hata mmoja aliyejua habari ya miti. Aliyekosea angeweza kuwa yeyote kati yao.

Kesho yake akaenda kwa Bi Mwamvua, nyuma ya soko. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Angempa mambo mawili achague: bati ling'olewe aletewe, au kodi ya kila mwezi kama Wenceslaus alivyoshauri. Alijiona ameshakuwa mwema, na roho yake ilikuwa imeanza kutulia.

Nyumba ya Bi Mwamvua ilikuwa chumba kimoja na baraza, na ndani ya kile chumba walikuwa wanalala yeye na mama yake mzazi, kikongwe asiyeinuka. Sihaba, bintiye, alikuwa jikoni. Wala hakuwa anapika. Alikuwa anakaa humo. Mumewe alimwacha tumbo likiwa limeshakuwa kubwa, akaoa mwingine, na sasa binti amerudi kwa mama yake na kichanga, na mahali palipopatikana ni lile banda la jiko, la makuti, wazi pande mbili. Kitanda kilikuwa kimesogezwa mbali na mafiga. Mtoto alikuwa na kikohozi cha moshi, chembamba, kisichokoma. Marsela akapewa kigoda, akakaa, akakisikiliza kile kikohozi.

Hata hivyo aliyasema yale aliyoyapanga njiani. Bi Mwamvua alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa yote mawili. Bati likishapigwa misumari likang'olewa ni matundu matupu, litamfaa nani? Na fedha ya kidogo kidogo ni fedha ya kula, haijengi. Zile korosho alikuwa ameziwekea nia moja tu tangu akiwa Mahege, kuongeza chumba hapa ubavuni, cha Sihaba na mtoto, kabla masika haijaanza. Basi. Sasa hakitajengwa mwaka huu, na yeye hana la kumfanya mtu aliyekosea bila kujua. Alisema hivyo kwa upole, na ule upole ndio uliomchoma Marsela.

Mtoto akakohoa tena. Ndipo Marsela akajisikia anasema jambo ambalo hakulipanga, wala hakumuuliza mumewe.

"Chumba kimeshajengwa, bibi," alisema. "Korosho zako zimekijenga. Kipo kwangu, kina mlango wake. Sihaba ahamie."

Tumezoea kusikia kwamba mtu akitenda jema moyo wake hujaa amani. Wa Marsela ulijaa hofu. Alirudi nyumbani akijua kwamba ametoa riziki ya watoto wake watatu kwa sentensi moja, na kwamba Bwana Ebenezer atapanga kwingine, na lile gari la Mbinga limesogea karibu. Wenceslaus alikuwa uani anachonga fito za kiambaza. Akamwambia. Mumewe hakuwa mtu wa kufoka, lakini aliliweka panga chini.

"Umempa chakula chetu," alisema.

"Nimempa chakula chake," Marsela akajibu.

Wenceslaus alivaa shati akatoka. Alikwenda kwa Bwana Ebenezer, akamwambia chumba hakipo tena, akaomba radhi, na Bwana Ebenezer, aliyekuwa ameshanunua pazia, hakufurahi hata kidogo. Kisha Wenceslaus akazunguka mji mzima peke yake. Aliporudi alikula ugali. Akanawa, akaliokota lile panga, akaendelea na fito alipoziachia, na Marsela alipoona hivyo akajua kwamba ameridhia, na kwamba atalalamika kuhusu jambo hili mpaka uzeeni.

Jumamosi wakakandika. Marsela hakuwa amealika mtu zaidi ya Tatu, lakini asubuhi alikuta uani kumejaa. Habari ilikuwa imewafikia, na jumuiya yote ilikuwa imekuja kulipa ilichokula. Koplo alikunja suruali ya sare akakanyaga udongo kwa miguu, kwa hatua za gwaride, na wanawake wa mtaani wakasimama na ndoo zao vichwani kumtazama. Consolatha aliambiwa awe anapasisha madonge tu, akakataa, akataka kukandika, na alichokikandika kilianguka chote. Tatu akamfundisha kulibamiza donge kwa kiganja, naye Consolatha akazomewa na kushangiliwa kwa zamu. Bi Mwamvua alifika mchana na sufuria la wali wa nazi, akakagua kazi, akasema watu wa bara wanakandika kama wanampaka mtoto mafuta, lakini kitasimama. Hapo hapo akamwita Wenceslaus chini ya mikorosho. Alimwambia kwamba miti inataka kupaliliwa na kupuliziwa dawa ya salfa maua yakitoka, na yeye mgongo hauwezi tena, na wanunuzi hawa wapya wanamwibia kwenye mizani. Kama yeye anazijua daraja, basi ashike miti, wagawane nusu kwa nusu. Wenceslaus, ambaye tangu apunguzwe kazini hakuna aliyempa jambo la kushika, alisema sawa kwa sauti ndogo, akageuka kuangalia upande mwingine.

Sihaba akahamia na kitanda chake, na wiki ya pili kile kikohozi cha mtoto kikaisha. Alikuwa binti mkimya, mwenye mikono miepesi, na asubuhi moja alimtazama Marsela akisukuma maandazi, akavumilia, akavumilia, mwisho akashindwa. Aliuliza kama anaweza kujaribu vitumbua. Vitumbua vya Sihaba vilipofika stendi, abiria wa mabasi ya kusini walikuwa wanapiga ubavu wa gari dereva asubiri. Hawakutajirika, tusidanganyane. Lakini walikula, wote, watu wa vyumba vyote vitatu, na ada ikapatikana kwa kuungaunga.

Marsela alikuwa amerudia kusali, ila kwa wasiwasi kidogo, kama watu waliogombana wanavyosalimiana. Lile swali lilikuwa bado linamkaa kooni: kama zile korosho hazikuwa jibu, alimjibu lini?

Masika ikaingia. Alasiri moja mvua ilishuka yote kwa pamoja, ile ya kufunga njia, na Bi Mwamvua, aliyekuja kumwona mjukuu, akakwama. Muda wa sala ulipofika akaswali humo chumbani kwa Sihaba. Marsela alikaa barazani nyuma, akisubiri amalize ampelekee chai, na jicho lake lilikuwa kwenye kiambaza, chini, pale ambapo maji huanza. Hayakuingia. Mtoto alikuwa amelala katikati ya kitanda, nguo zake kavu, na bati juu yake linapiga kelele tu.

Bi Mwamvua akatoka, akapokea chai, wakakaa wanatazama maji yakipita uani. Akamuuliza Marsela kwamba ati ni kweli, Consolatha amemhadithia, kwamba aliomba bati kwa kulitaja? Marsela akakiri, kwa haya. Akaongeza, kwa sababu mvua ilimpa ujasiri, kwamba hadi leo hajui kama Mungu alimjibu au yeye ndiye aliyejijibu kwa mali ya watu.

Yule mama alikunywa chai yake kwanza.

"Mimi nami niliomba kule Mahege," alisema. "Kila swala. Nilimwambia, huyu binti na huyu mtoto, wapate pakavu kabla ya masika. Basi tazama. Wewe una bati, na wao wana pakavu. Maombi ya watu wawili ameyamaliza kwa korosho za mmoja, na huyo mmoja ni mimi." Akalitua bakuli la chai. "Unasali leo?"

"Nasali, shangazi."

"Mwambie nimeshukuru. Lakini mwakani atafute korosho za mtu mwingine."

Marsela alicheka mpaka akaishiwa nguvu, akaegemea kiambaza kwa mgongo wake wote, uzito wote, kitu ambacho hakupata kukifanya tangu waingie katika nyumba ile. Kikamhimili.